Asiye kwenye daftari

Ukitaka kuijua parokia ya mjini, usiondoke baada ya komunyo. Subiri matangazo. Katibu wa Halmashauri Walei anasimama na karatasi yake: WAWATA, chama cha wanawake, wakutane ukumbini mara baada ya Misa, UWAKA, cha wanaume, wabaki dakika kumi tu (hazijawahi kuwa kumi), VIWAWA, cha vijana, wanauza fulana za kongamano, Lejio ya Maria wasisahau kikao chao, wazazi wa Utoto Mtakatifu wawalete watoto mapema, kwaya mbili zina mazoezi kwenye ukumbi uleule walioambiwa WAWATA. Kisha zinasomwa jumuiya, yaani vikundi vya waamini wa mtaa mmoja, zenye zamu ya usafi, kila moja na jina la mtakatifu wake, na mwisho sadaka ya Jumapili iliyopita, kwa shilingi, Misa kwa Misa, ili Misa ya pili ione aibu.

Nimeishi ndani ya matangazo hayo tangu nilipohamia Dar es Salaam. Nimekuwa mhazini wa jumuiya yetu, nimebeba masufuria ya msibani, nimekaa kwenye vikao ambavyo rangi ya kitenge ilijadiliwa kwa muda mrefu kuliko mgonjwa. Nina maoni yangu, na baadhi ya wanajumuiya wenzangu hawayapendi. Tumekuwa mabingwa wa kusaidiana sisi kwa sisi, na katika ubingwa huo yule ambaye hatarudisha chochote anatuponyoka.

Kusaidiana kwenyewe si jambo dogo. Dar es Salaam imejaa watu waliouacha ukoo wao Rombo, Muleba, Mbinga au Sumbawanga, na mtu akifa hapa, shangazi na wajomba wako mbali kwa siku nzima ya basi. Ndipo jumuiya inapoingia. Simu inapigwa usiku, na kabla hakujapambazuka mwenyekiti yuko mlangoni na watu watatu. Mtu mmoja anafuata turubai, mwingine viti vya plastiki, akina mama wanafungua stoo yenye masufuria yaliyoandikwa jina la jumuiya kwa rangi nyekundu ili yasipotee. Mhazini anafungua daftari. Kila kaya ina kiwango chake kilichopitishwa kikaoni, na jina linawekewa alama pesa inapoingia, siku hizi kwa simu. Rozari inasaliwa jioni, wali na maharage vinapikwa, na kama mwili unasafirishwa nyumbani, wawakilishi wawili wanapanda gari pamoja na wafiwa hadi kaburini. Nimeona familia ambazo hazikuwa na ndugu hata mmoja mjini zikizika kwa heshima ambayo tajiri wa mtaa angeitamani.

Mpango huu una historia yake. Maaskofu wa Kongo walikwisha kuzungumzia jumuiya hai za kikanisa mwaka 1961. Maaskofu wa ukanda wetu, kupitia umoja wao wa AMECEA, walilijadili jambo hilo Nairobi mwaka 1973, na mwaka 1976 wakaamua kwamba kujenga Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ndiyo kazi ya kwanza ya kichungaji. Mapadre walikuwa wachache, parokia zilikuwa kubwa kama wilaya, na watu walikuwa wanakwenda kanisani bila kumjua aliyekaa nao benchi moja. Hapa Tanzania wazo lilikuta udongo uliokwisha kulimwa. Nchi nzima ilikuwa inazungumza ujamaa, na Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge aliamini katika mambo hayo mawili kiasi cha kuhamia kuishi katika kijiji cha ujamaa. Hata leo ukiitazama jumuiya, na mwenyekiti wake, mipaka yake ya mtaa na kaya zake zinazohesabika, ni vigumu kutomkumbuka balozi wa nyumba kumi.

Na kama balozi, mwenyekiti wa jumuiya anakujua. Anajua unasali au husali, umelipa zaka au hujalipa, ndoa yako imebarikiwa au mnaishi tu. Ukitaka kubatiza mtoto, paroko atauliza barua ya jumuiya. Ukitaka kufunga ndoa, barua ya jumuiya. Sioni ubaya wa barua hiyo. Padre mmoja mwenye waumini elfu kadhaa hawezi kumjua kila mtu, na lazima pawe na mtu wa kusema huyu ni wetu. Tatizo linaanza pale barua inapogeuka risiti.

Sote tumeusikia mjadala ule unaofanyika pembeni ya turubai, kwa sauti ya chini. "Alikuwa anasali jumuiya?" "Tulimwona Pasaka ya mwaka juzi." "Michango?" Kimya. Mtu amelala ndani kwenye jeneza, na nje watu wazima wanahesabu mahudhurio yake. Katika msiba mmoja niliohudhuria, marehemu alikuwa kijana mlinzi wa usiku. Hoja dhidi yake ilikuwa kwamba haonekani Jumamosi. Jumuiya yake ilikutana Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Saa hiyo kijana yule alikuwa bado hajapokewa lindo, na akipokewa alikuwa na daladala mbili za kupanda kabla ya kufika kitandani.

Hapo ndipo daftari linapodanganya. Linaonekana kupima imani, kumbe mara nyingi linapima nani ana Jumamosi. Dada wa kazi za ndani haruhusiwi kutoka. Mama wa genge alfajiri yuko sokoni Ilala anachagua nyanya. Bodaboda anawahi abiria wa asubuhi. Mgonjwa amelala. Ukiangalia majina yenye nafasi nyingi tupu kwenye daftari, utakuta wengi wao ndio wale ambao vyama vyetu vya huruma vilianzishwa kwa ajili yao.

Kwa wale wanaopenda kusema "sheria za Kanisa haziruhusu", ni vizuri kuzisoma. Kanuni ya 1184 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inawataja wanaonyimwa maziko ya Kanisa: waasi wa imani, wazushi na wafarakano wanaojulikana wazi, waliochagua mwili wao uchomwe moto kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa wazi ambao kuzikwa kwao kikanisa kungewakwaza waamini. Na hata hao, wakionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, mlango unafunguka. Kutohudhuria jumuiya hakumo. Kanuni ya 1181, inayohusu sadaka za mazishi, inaonya kusiwe na upendeleo na maskini wasikose maziko yanayostahili. Ya 848 inasema hivyohivyo kuhusu sakramenti zote: mhitaji asizikose kwa sababu ya umaskini wake. Wapo mapadre wanaozijua kanuni hizi vizuri na kuzitekeleza, wakamzika mtu huku kamati ikinuna. Lakini padre hapiki wali wala hakodi turubai. Anaweza kuamuru ibada, hawezi kuamuru watu waje.

Ugomvi wa daftari ni wa zamani kuliko parokia zetu. Sura ya sita ya Matendo ya Mitume inaanza na malalamiko: wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Yaani Kanisa lilikuwa bado bichi, mitume wenyewe wapo, na tayari kuna watu waliorukwa kwenye orodha, na waliorukwa ni wale wasio wenyeji. Mitume wakachagua watu saba wa kushughulikia jambo hilo. Timotheo naye anaandikiwa masharti ya kumwandika mjane: awe ametimiza miaka sitini, awe amelea watoto, awe amewakaribisha wageni na kuwaosha watakatifu miguu. Ukisoma vizuri unamwona katibu wa jumuiya ya karne ya kwanza na kalamu yake.

Mtu ninayependa kumtaja kwenye vikao, hadi wenzangu wamenichoka, ni Vincent wa Paulo. Mwaka 1617 alikuwa paroko wa mji mdogo wa Châtillon huko Ufaransa. Jumapili moja ya Agosti, akijiandaa kwa Misa, akaambiwa kuna familia nje ya mji ambayo wote wameugua, hakuna hata wa kumpa mwenzake maji. Akahubiri juu yao. Mchana alipokwenda kuwatazama, akakuta njia nzima imejaa watu wanaokwenda na kurudi, kila mmoja na chakula chake. Padre wa kawaida angefurahi na kuripoti kwa askofu. Yeye akaona kasoro: chakula kilikuwa kingi mno kwa siku moja, kitaharibika, na wiki ijayo wagonjwa wale watakuwa na njaa ileile. Siku chache baadaye akawakusanya wanawake wa mji na kuwapangia zamu. Leo anapika huyu, kesho yule. Katika taratibu alizowaandikia kuna agizo ambalo sijaona chama chochote kikiliandika kwa uzuri huo: mama mwenye zamu aanze na mgonjwa mwenye mtu wa kukaa naye, amalize na yule aliye peke yake, ili huyo wa mwisho amkalie muda mrefu zaidi.

Sasa angalia misiba yetu. Siku tatu za turubai, wali unabaki hadi wanapewa majirani na mbwa. Kisha turubai linashushwa, viti vinarudishwa, mhazini anasoma mapato na matumizi, na mjane anabaki na bahasha ya salio. Wiki ya tatu nani anapika pale? Wiki ya tatu hakuna daftari.

Zaidi ya miaka mia moja na sabini baada ya Vincent kufa, wanafunzi kadhaa wa chuo kikuu Paris walijikuta wakibishana na wenzao wasioamini, waliowaambia kwa jeuri: ninyi Wakatoliki wa leo mnafanya nini kwa maskini? Mwaka mmoja kabla, kipindupindu kilikuwa kimeua maelfu katika mji huo. Miongoni mwa wanafunzi hao alikuwa Frédéric Ozanam, na tarehe 23 Aprili 1833, siku aliyotimiza miaka 20, walikutana na mhariri mmoja wa gazeti, Emmanuel Bailly, wakaanzisha kikundi chao. Hawakujua waanzie wapi, wakaenda kwa Sista Rosalie Rendu, mtawa wa shirika la Mabinti wa Upendo aliyekuwa akihudumia mtaa wa makabwela wa Mouffetard. Sista akawapa orodha ya familia, vyeti vya mkate na kuni, na ushauri wa jinsi ya kuketi kwenye nyumba ya mtu bila kumdhalilisha. Ndicho Chama cha Mtakatifu Vincent wa Paulo ambacho leo kipo katika parokia nyingi duniani. Ozanam alitangazwa mwenyeheri Paris mwaka 1997, Sista Rosalie mwaka 2003.

Kwetu, au chez nous kama wangesema Wakongo wa kwaya yetu, chama hiki ni wazee wachache wanaokutana chini ya mwembe baada ya Misa ya pili. Hawana sare. Hawana wimbo. Katika matangazo wanasomwa mwisho, wakati watu wanatafuta funguo za gari. Kikao chao kinaisha kwa mfuko mdogo wa kitambaa unaozungushwa, kila mtu anaingiza mkono na kutoa, na hakuna anayejua nani katia nini, wala nani katia mkono mtupu. Mimi niliyezoea daftari lenye majina na viwango, mara ya kwanza nilihisi kama nimeingia nchi nyingine. Mzee mmoja aliyestaafu bandari alinieleza sababu bila kupamba: "Wengine humu tunawatembelea sisi wenyewe. Ukiandika, hawatarudi."

Wanatembelea wawili wawili. Hawaulizi dini. Wanachobeba ni unga, sukari, sabuni, mara nyingine kodi ya mwezi mmoja kwa mpangaji aliyefungiwa mlango, lakini kazi yenyewe iko kwenye kukaa. Ukikaa nusu saa kwenye chumba cha bibi anayelea wajukuu, unaona karatasi ya dawa iliyokunjwa juu ya kabati ambayo haijawahi kufika famasi. Unagundua kuwa mtoto mkubwa haendi shule, si kwa utukutu, ni viatu. Unajua Januari inakuja na sare na madaftari, na kwamba bibi hatasema mpaka aulizwe mara ya pili. Jumuiya yenye watu wengi na Rozari ya sauti kubwa haiwezi kuyaona hayo, kwa sababu kila nyumba hujisafisha kabla ya jumuiya kuja.

Lejio ya Maria nayo hutembelea, ila kwa mikono mitupu, na kwa makusudi. Frank Duff, aliyeianzisha Dublin tarehe 7 Septemba 1921, alikuwa ametoka katika Chama cha Vincent wa Paulo, akajua vizuri alichokuwa akikiacha: mwanalejio haruhusiwi kutoa msaada wa vitu. Zamani niliona ni ukatili uliovaa utakatifu. Nimebadilika kidogo. Mtu anayejua kuwa hukuja na unga hana haja ya kukuigizia shida, wala kukuficha. Anakuambia ya moyoni au anakufukuza. Na wanalejio wetu wana akili ya mjini: wakikuta njaa, hawatoi kitu, wanapita chini ya mwembe kumnong'oneza mzee wa bandari.

Lejio ilifikishwa huku kwetu na mwanamke mmoja, Edel Quinn. Aliondoka Ireland mwaka 1936 akiwa na miaka 29 na mapafu ambayo kifua kikuu kilikuwa kimekwisha yaharibu, akazunguka Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar hadi Nyasaland (Malawi ya leo) na Mauritius akianzisha vikundi vya watu wa kawaida, akafia Nairobi tarehe 12 Mei 1944. Alizikwa hukohuko. Wasomaji wa Kenya watanisamehe, lakini sharti niseme: hii si Legio Maria ile iliyozaliwa kwa Wajaluo miaka ya 1960, hilo ni kanisa jingine kabisa.

Kuhusu WAWATA ningeweza kuandika makala nzima, na labda ningefukuzwa parokiani. Mwaka 2022 walitimiza miaka 50, na kila anayeijua parokia anajua kwamba bila wao hakuna linalosimama: wao ndio wako wodini, wao gerezani, wao jikoni, wao kwenye vikoba vinavyomwezesha mama kununua mtaji wa mkaa bila kukopa kwa wale wa riba ya kila wiki. Lalamiko langu ni kitenge. Kila maadhimisho na kitenge chake, kila kitenge na mshono wake, na mama asiyekuwa nacho anakaa nyuma, kisha haji. Nimewahi kulisema hilo mbele ya viongozi wao na nikajibiwa kwamba sare inaficha tofauti ya tajiri na maskini. Ni kweli, kwa waliokwisha kuinunua. UWAKA sina la kuwasema. Bado wanatafuta akidi.

Ajabu ni kwamba kundi linalofanana zaidi na lile ninalolitaka ni la watoto. Utoto Mtakatifu ulianzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, aliyewaomba watoto wa kwao sala fupi kila siku na senti moja kila mwezi kwa ajili ya watoto wa mbali ambao hawatakutana nao kamwe. Hakuna daftari linaloweza kurudisha hiyo senti.

Mwaka huu, kwenye kikao cha bajeti, nilipendekeza kwamba sehemu moja ya kumi ya mfuko wa jumuiya isiguswe na misiba ya wanachama, iwe ya mtu yeyote wa mtaa wetu, awe anasali kwetu au hasali, awe Mkristo au Mwislamu, na wanaoitumia watembelee kwanza wawili wawili. Nilitaja karamu ya Luka sura ya 14, pale Yesu anaposema usiwaalike rafiki zako na majirani matajiri wasije wakakualika na wewe. Mama mmoja alisema tukianza hivyo mtaa mzima utahamia kwetu. Kijana wa VIWAWA akasema ndiyo uinjilishaji wenyewe. Mzee mwenye busara zake akauliza swali lililotukwamisha wote: wanaolipa kila mwezi tangu jumuiya ianze, wakifiwa na mfuko ukapungua, nani atakwenda kuwaeleza? Mimi, nikasema. Watu wakacheka, kwa sababu wananijua kwenye maelezo.

Tulipiga kura. Si moja ya kumi; walikubali moja ya ishirini, kwa majaribio, hadi Pasaka. Mwenyekiti akatoa sharti moja: kuwe na daftari. Nikamwambia sawa, ila liandikwe nyumba zilizotembelewa na nani kazitembelea, viwango visiwemo. Na kikao cha jumuiya kimehamishiwa Jumapili saa kumi jioni, kila wiki ya pili, ili tuone ni akina nani watatokea ambao hatujawahi kuwaona.